Sekunde Nne, Nukta Sifuri Tisa

Baba yangu alikuwa akinisomea vichekesho vyangu mwenyewe.

Kila asubuhi, simu mkononi, miwani imeshuka puani, anacheka mpaka analazimika kuweka kikombe chini. "Sikiliza hii, mwanangu! Huyu mtu ana akili ya shetani!" Nami namimina chai, nacheka naye, huku najua kwamba shetani mwenyewe ndiye aliyeshika birika.

Kama ndiyo kwanza unanisoma, huna haja ya kutafuta magazeti ya zamani. Akaunti ya Nukta Mdogo ilikuwa yangu. Watu laki mbili walikuwa wakiifuata na hakuna aliyejua ni mimi, hata aliyenizaa. Niliyekuwa nikimwigiza ni yule profesa wa sayansi wa redioni, ambaye watu wote wanamwita Nukta, kwa sababu hajawahi kuiacha sentensi ya binadamu ipite bila kuisahihisha. Na fundi mitambo wa kipindi chake, anayekaa nyuma ya kioo kila Jumamosi kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, ni baba yangu.

Mzaha wenyewe ulikuwa mwepesi. Mtu anasema jambo kama watu wanavyosema. Nukta anaanza na maneno yake yale yale, "Kwa usahihi zaidi," halafu anaharibu kila kitu.

Mgeni: Hodi! Jamani, nimekufa njaa. Nukta: Kwa usahihi zaidi, wafu hawapigi hodi. Umechelewa kula.

Bibi harusi: Nakupenda kwa moyo wangu wote. Nukta: Kwa usahihi zaidi, moyo ni pampu. Ukinipa wote, damu utaisukuma na nini?

Hivyo ndivyo nilivyoishi, mpaka Ijumaa ile nilipowaachia hadithi wiki iliyopita, saa saba mchana, baba alipoingia dukani kwetu na mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko mlikuwa na hedifoni zake na kinasa sauti chake kidogo.

Hedifoni zile zilikuwa na msumari wake ukutani studio. Hazikuwahi kulala kwetu hata siku moja.

"Wamenisimamisha," alisema.

Nafanya kazi kwenye duka la uchapaji. Tunatoa fotokopi, tunachapa barua za watu, tunabana ripoti za wanafunzi. Kulikuwa na foleni ya watu wanne. Baba akakaa kwenye kiti cha wateja kama mteja mwingine yeyote, mfuko magotini.

"Kwa kosa gani, Baba?"

"Kuvujisha karatasi."

Nikaiweka chini ripoti niliyokuwa nikiibana.

"Kila Jumatano Profesa anatoa karatasi ya takwimu za kipindi," alisema. "Nakala tatu. Moja ya mtayarishaji, moja ya dada mtangazaji, moja yangu. Unaijua, huwa naiweka mezani nyumbani nikitia alama wapi pa kuweka muziki."

Naijua. Nimeisoma kichwa chini miguu juu kila Jumatano, nikijifanya napanga vyombo.

"Wiki hii aliweka muda ambao dunia inajizungusha mara moja. Saa ishirini na tatu, dakika hamsini na sita, na sekunde. Sasa hizo sekunde ndizo mtego. Kwenye nakala ya mtayarishaji ameandika sekunde nne. Kwenye ya dada, nne nukta moja. Kwenye yangu, nne nukta sifuri tisa."

"Kwa hiyo wengine aliwapa uongo?"

"Hata kidogo! Zote kweli. Alinikalisha akanieleza mwenyewe." Baba akaikaza sauti, akainyoosha shingo, akawa Nukta mtupu. "'Mimi sisemi uongo hata nikitega mtego. Nilikadiria tu, kila mmoja kwa kiwango chake.'"

Mama mmoja kwenye foleni akacheka. Mimi sikucheka.

Kwa sababu Alhamisi, siku mbili kabla ya kipindi, Nukta Mdogo alikuwa ameweka mzaha uliosambaa kuliko yote niliyowahi kuandika.

Mchumba: Mpenzi, nakuwaza saa ishirini na nne. Nukta: Kwa usahihi zaidi, dunia inajizungusha kwa saa ishirini na tatu, dakika hamsini na sita na sekunde nne nukta sifuri tisa. Hizo dakika tatu na sekunde hamsini na tano nukta tisa moja zinazobaki, unamuwaza nani?

Ningeweza kuandika "dakika nne hivi". Watu wangecheka vile vile. Lakini niliipenda ile sifuri tisa. Miezi minane ya kumwigiza mtu, ugonjwa wake ukawa umeniambukiza. Nilitaka mzaha wangu uwe sahihi.

"Sasa nimeshamjua mwizi," baba alisema. "Ndiyo maana nimekuja kwako. Nichapie barua."

"Mwizi gani?"

"Yule dada mtangazaji. Anakaa hatua mbili kutoka mezani kwangu. Nikienda kunywa maji karatasi inabaki pale pale. Ameipiga picha. Nani mwingine? Chapa, mwanangu."

Nikafungua ukurasa mpya. Baba akafumba macho, akaanza kutamka polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ndani ya kope zake.

"Kwa heshima na taadhima. Mimi niliyetajwa hapo juu, mtumishi wa kituo hiki kwa miaka kumi na tisa bila onyo wala karipio..."

Nikachapa.

"...nakanusha kwamba nimevujisha karatasi ya kipindi. Na baada ya kutafakari, ninamtuhumu..."

Nikaacha.

"Ninamtuhumu," baba alirudia. "Mbona vidole vimesimama? Andika, mtangazaji mwenza wa kipindi."

"Baba, hilo silichapi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu siyo yeye."

Akafumbua macho. "Wewe umejuaje?"

"Dada, kitambulisho changu," mama wa kwenye foleni aliingilia. "Nakala mbili tu, nina haraka."

Nikachukua kitambulisho. Nikainua kifuniko cha mashine, nikakilaza kitambulisho, nikabonyeza. Mwanga ukapita mara ya kwanza. Ukapita mara ya pili. Nilikuwa nimempa mgongo baba, na hivyo ndivyo nilivyoweza kusema.

"Ni mimi, Baba. Nukta Mdogo ni mimi."

Baba akacheka. "Acha utani wakati huu."

Nikageuka, nikampa simu yangu. Akaunti ilikuwa wazi, na mizaha mitatu ambayo sikuwa nimeitoa bado. Akasoma wa kwanza. Akasoma wa pili. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, kana kwamba tatizo lilikuwa vumbi.

"Ile ya bibi harusi?"

"Yangu."

"Ya mgeni aliyekufa njaa?"

"Yangu."

Mama wa kwenye foleni akachukua nakala zake, lakini haraka yake ilikuwa imekwisha. Akasimama pale pale mlangoni.

"Na ile nyingine?" baba akauliza.

Hakuitaja, wala hakuhitaji. Kuna mzaha mmoja tu ambao baba hakuwahi kunisomea asubuhi. Siku ule ulipotoka alikunywa chai kimya, akaondoka na simu mfukoni.

Mfiwa: Mke wangu ametutangulia tu. Nukta: Kwa usahihi zaidi, yeye amesimama. Sisi ndio tunaosogea.

"Na ile pia, Baba."

"Ile siyo mzaha," alisema taratibu. "Ile aliisema."

"Najua. Nilikuwa nimekushika mkono."

Miaka mitatu iliyopita, siku ya Alhamisi, mama yangu akiwa ameshushwa kaburini dakika chache tu zilizopita, Profesa alikuja kumpa baba pole. Baba akamjibu kama mfiwa yeyote anavyojibu: "Tushukuru. Ametutangulia tu." Na Nukta, kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote usoni, akamsahihisha. Tulisikia watatu: baba, mimi, na kile kinasa sauti kilichokuwa mfukoni mwa shati la baba. Maana baba alirekodi mazishi yote. "Leo masikio yangu hayafanyi kazi," aliniambia asubuhi yake. "Nitasikiliza baadaye watu walisema nini." Hiyo baadaye haikuwahi kufika. Kinasa kilikaa kwenye droo ya studio tangu siku ile hadi Ijumaa alipofungasha.

Sasa mnajua Nukta Mdogo alizaliwa wapi.

Nilidhani baba atanipiga kofi, au atalia, au ataniambia nisimwite baba tena. Alinyanyuka tu.

"Futa hiyo barua," alisema. "Nilikuwa naenda kumwangamiza mtoto wa watu. Halafu vaa viatu. Tunakwenda."

* * *

Njiani nilikuwa nimeshampigia Profesa simu, nikamwambia Nukta Mdogo ni nani. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili. Baba akabaki kwenye korido. Ndani kulikuwa na meza tupu, penseli sita zilizochongwa hadi urefu mmoja, na saa kubwa ya ukutani yenye mshale wa sekunde.

"Umechelewa dakika moja na nusu," Nukta alisema.

"Nilisema kwenye simu nitakuja saa kumi hivi."

"'Hivi' siyo saa."

"Profesa, nimekuja kukiri kosa langu."

"Kwa usahihi zaidi, makosa yako ni manne." Akanyanyua kidole. "La kwanza, umesoma karatasi isiyo yako. La pili, umejivika sauti yangu. La tatu, umemwacha baba yako aadhibiwe kwa ajili yako kuanzia saa nne asubuhi hadi sasa. La nne..." Hapa akavuta droo akatoa karatasi aliyochapisha. "Mwezi uliopita uliandika kwamba mwanga wa jua hutufikia kwa dakika nane. Ni dakika nane na sekunde kumi na tisa."

Haki ya Mungu, nilitaka kucheka. Nikaung'ata ulimi.

"Ile ya mchumba niliipenda," akaendelea. "Nilirudia hesabu yako ya kutoa. Iko sawasawa."

Akatabasamu kidogo. Hilo ndilo lililonitisha. Mtu mwenye hasira unajua atakapokupiga; huyu alikuwa ananipa maksi.

"Baba yangu hakujua lolote," nilisema. "Msimfukuze. Nifungulieni kesi mimi. Yeye mrudisheni."

"Atarudi. Kesho utaingia studio saa tano, kipindi kikianza, utawaomba radhi wasikilizaji na mimi, hewani. Nitakuandikia cha kusoma. Baba yako atakuwa kwenye mitambo yake dakika hiyo hiyo. Usipokuja, barua yake ya kuachishwa kazi ninayo humu." Akagonga droo.

Nikakubali kabla hajamaliza. Kuomba radhi ni maneno tu, na mimi maneno ndiyo ninayoyajua.

Kwenye korido baba aliniuliza kwa nyusi. Nikamwambia, "Kesho rudisha hedifoni zako msumarini." Akanishika bega akalibana mpaka likauma. Tulishuka ngazi, na mimi nilidhani yamekwisha.

Laiti ningeiomba ile karatasi palepale nikaisoma.

* * *

Jumamosi, saa tano kasoro dakika saba. Mtayarishaji, mtu mwenye funguo nyingi kiunoni na subira kidogo, alinipa karatasi mlangoni mwa studio.

"Usiongeze, usipunguze," aliniambia. "Sentensi nne. Hata mtoto anaweza."

Nikasoma nikiwa nimesimama.

Ya kwanza ilisema mimi ndiye niliyeandika Nukta Mdogo. Kweli.

Ya pili ilisema nilisoma karatasi ya kipindi bila ruhusa, na baba yangu hakujua. Kweli tupu, na niliitaka isikike hadi kwa majirani.

Ya nne ilisema kwa hayo yote naomba radhi.

Ya tatu ilisema hivi: "Maneno niliyodai kwamba Profesa aliyasema msibani ni uzushi wangu mwenyewe; hakuyasema popote, wala hayana chembe ya ukweli."

Nikarudia kuisoma. Haikubadilika.

Nukta alikuwa anakuja koridoni, suti ya kijivu, faili kwapani. Nikamsimamia njiani.

"Profesa, hii ya tatu."

"Ina kosa?"

"Uliyasema. Makaburini. Ulimwambia baba yangu. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo."

Akanitazama. Naapa kwamba hakuwa anaigiza. Alikuwa anatafuta kichwani mwake, rafu kwa rafu, na hakuona kitu.

"Sikumbuki kusema neno kama hilo."

"Kutokumbuka siyo kutosema."

"Dada, hatuna muda huo," mtayarishaji alinong'ona, funguo zikilia.

Nukta akashusha sauti. "Sikiliza, binti. Wiki ijayo nakabidhiwa ulezi wa klabu za sayansi za shule zote. Wazazi wananiandikia. Hawaniulizi habari za mchumba wala bibi harusi. Wananiuliza kama ni kweli nilimsahihisha mfiwa. Mtoto akiamini kwamba sayansi inamfanya mtu awe hivyo, ataikimbia. Mimi siwezi kuwa mtu wa namna hiyo."

Sauti yake ilitetemeka kwenye neno la mwisho. Hapo nilimwonea huruma, nisiwafiche. Kama angesema tu, "Niliyasema, na nilikosea," ningepiga magoti palepale kwenye vigae.

"Basi andika 'Profesa hakumbuki,'" nilimwambia. "Hiyo naisoma sasa hivi."

"Ukisema hakumbuki, watu watasikia alisema."

"Profesa, hapa umeandika 'hakuyasema popote'. Una uhakika wa desimali ngapi?"

Akainua macho kwenye saa ya ukutani koridoni.

"Zimebaki dakika mbili," alisema. "Ingia."

Nami nikaitazama ile saa. Zilikuwa zimebaki dakika mbili na sekunde arobaini. Katika miaka yote niliyomsikiliza mtu huyu, hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akipunguza.

Nilipitia kwanza chumba cha mitambo. Baba alikuwa ameketi, mgongo umenyooka, shati limepigwa pasi kama siku ya kwanza ya kazi. Mfuko wa plastiki ulikuwa miguuni pake. Hedifoni alikuwa nazo shingoni.

"Baba, umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Ya tatu umeiona?"

"Nimeiona." Hakunitazama. Alikuwa akisawazisha vitufe ambavyo tayari vilikuwa sawa.

"Niiambie dunia nzima kwamba ulisikia kitu ambacho hakikusemwa?"

"Mwanangu," alisema, "mimi mitambo ndiyo kazi pekee ninayoijua. Nina miaka hamsini na sita. Soma karatasi."

"Na nisipoisoma?"

"Nimeagizwa nikukate. Ukitoka nje ya maandishi, nateremsha sauti yako, napandisha muziki."

"Utanikata, Baba?"

Akavaa hedifoni.

* * *

Taa nyekundu ikawaka.

Dada mtangazaji alikuwa kulia kwangu, Nukta mbele yangu, mikono imekunjwa juu ya faili. Nyuma ya kioo, baba na mtayarishaji.

"Habari za asubuhi, wasikilizaji," dada alianza kwa ile sauti yake ya asali. Hakujua kwamba jana alikaribia kuuzwa kwa barua ya ukurasa mmoja. "Kabla hatujaanza mada yetu ya leo, yupo mgeni mwenye neno fupi. Karibu, mdogo wangu. Usiogope, maikrofoni haing'ati."

Nikasogea.

"Mimi ndiye niliyeandika akaunti ya Nukta Mdogo," nikasoma.

Dada akageuza shingo kwa kasi hadi hereni ikalia. "Wewe?" alitamka kwa midomo, bila sauti, na nikaona amebana kicheko. Kumbe naye alikuwa mfuasi.

"Nilisoma karatasi ya kipindi hiki bila ruhusa. Baba yangu, ambaye ni fundi mitambo wa kipindi, hakujua wala hakuhusika kwa namna yoyote."

Nilisoma "kwa namna yoyote" taratibu kabisa. Nilitaka kila redio iliyokuwa wazi imeze.

Kisha nikafika kwenye sentensi ya tatu.

"Maneno niliyodai..."

Nikasimama.

Baba alinifundisha nikiwa mdogo kwamba redio ikinyamaza sekunde tatu, msikilizaji anadhani mtu amekohoa. Ikinyamaza tano, anaitazama. Ikifika saba, ananyanyuka kuigusa. Kwa fundi mitambo hakuna aibu kubwa kuliko ukimya wa sekunde saba.

Moja. Mbili.

Nukta akagonga karatasi kwa penseli, pale kwenye sentensi.

Tatu.

Mtayarishaji akapitisha kidole shingoni mwake. Kata. Akamwonyesha baba.

Nne.

Mkono wa baba ukaenda kwenye kitufe changu. Nakijua, ni kile cha nne kutoka kushoto. Ukisukuma juu, mtu anasikika. Ukivuta chini, mtu hayupo. Vidole vyake vikatua juu yake. Nikawaza: Mama, ndiyo basi. Ananikata.

Tano.

Bila kukiachia kitufe, baba aliinama, akaingiza mkono wa pili kwenye mfuko wa plastiki, akatoa kinasa sauti. Kile kile. Akachomeka waya wake kwenye mitambo bila hata kutazama, kama mtu anayefunga kifungo cha shati.

Nukta alikiona kupitia kioo. Hakujua kilichomo. Lakini ni mtu wa vipimo, na anakitambua chombo cha kupimia anapokiona. Penseli ikaacha kugonga.

Sita.

Mtayarishaji alikuwa anamvuta baba bega. Baba hakutikisika. Akainua mkono wa kulia juu, kidole kimoja kimenyooka. Ishara ile nimeiona tangu utotoni, nikiwa nakaa chini ya meza yake likizo za shule. Maana yake ni: subiri, nikikishusha utasema.

Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na yalikuwa yananitazama mimi.

Akakisukuma kitufe changu juu, hadi mwisho.

Kidole kikashuka.

"Wasikilizaji," nilisema, "mbele yangu nina karatasi ya sentensi nne. Ya kwanza ni kweli. Ya pili ni kweli. Ya tatu inanitaka niseme kwamba Profesa hakumsahihisha baba yangu kwenye kaburi la mama. Kwa usahihi zaidi, alimsahihisha, siku ya Alhamisi, na baba yangu alimjibu ahsante."

Mlango wa studio ukaanza kutikiswa kutoka nje. Funguo zikagongana. Dada mtangazaji akanyoosha mguu wake mrefu chini ya meza, akauweka mlangoni. Nyuma ya kioo, kidole cha baba kilikuwa kimeshatua kwenye kitufe cha kinasa.

"Ya nne inanitaka niombe radhi," nikasema.

"Siombi."